Kisanduku cha Mto Lhubiriha

Kasese, Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Afisa wa Usalama,
Kambini, Bwera.

Afande,

Naitwa Biira Esperance. Naandika kwa sababu simu zenu hazipokelewi, na dada yangu Proscovia alipokuja getini jana na chakula cha baba yake aliambiwa kwamba mambo ya namna hii hayaongelewi kwenye simu, yaandikwe. Haya, nimeandika. Proscovia ndiye atakayekuwa anabeba barua, maana kila siku ya pili yuko hapo getini na chakula.

Mzee mliyemchukua Ijumaa, Masereka Ezironi, ni baba yangu mdogo. Ana miaka sitini na minane, analima kahawa juu ya Bwera, kwenye mteremko wa mto Lhubiriha, na ugomvi wake wote maishani ni na nyani. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha, gunia kwa gunia, mpaka chuo. Mwezi Mei mto ulimchukua mkewe, mama Marita, wanakijiji wote wanajua. Sasa ninyi mmemchukua yeye. Mtu mmoja anyang'anywe mara ngapi kwa mwaka?

Kisanduku mlichokikuta ni changu, si chake. Mimi ni mtafiti wa kompyuta. Kinapima kina cha maji kule juu, na maji yakipanda kinapiga king'ora chini kwenye daraja la mbao ili watu wasivuke. Unajua Lhubiriha ulivyo: mvua inanyesha mlimani, Bwera kuna jua kali, na mto unashuka umejaa magogo bila kubisha hodi. Watu wa kule wamezoea sasa. King'ora kikilia hawavuki, kikinyamaza wanavuka.

Mmeuliza kwa nini kilikuwa ndani ya mzinga wa nyuki. Ni kwa sababu ya wezi. Kwetu wanang'oa hata bawaba za mlango, lakini hakuna mwizi anayeingiza mkono mzingani. Nasikia askari wako wawili waliumwa. Poleni. Mzinga wa kisanduku ndio pekee usio na nyuki; mngemuuliza mzee kwanza, angewaonyesha.

Naomba mumwachie arudi nyumbani. Kahawa imeiva na hana mtu wa kuichuma.

Biira Esperance


Bwera, Jumatano, 17 Septemba 2025

Bi Biira,

Barua imefika. Mimi ni Luteni Aber, kesi hii iko kwangu. Nimetoka Kitgum, kaskazini, lugha yenu ya Lhukonzo sijui, na Kiswahili changu ni cha jeshi. Kikikukwaruza, vumilia.

Mzee anakula vizuri, analala ndani, hakuna mtu aliyemgusa. Hilo ulitaka kujua na umelijua.

Sasa na mimi nataka kujua. Mtu akificha kitu ndani ya mzinga, asishangae akiulizwa kwa nini amekificha. Hapa ni mpakani. Mto ule ukivuka uko Kongo, na wanaovuka si wauza ndizi peke yao. Tumepata kisanduku juu ya mti, kina taa inayowaka na kuzima, kina antena. Unasema kinapima maji. Maji hayana haja ya antena mbili. Moja nimeielewa, ni ya simu. Ya pili ni ya nini?

Nilimuuliza mzee kisanduku ni kitu gani. Akajibu bila wasiwasi kwamba kinaangalia maji. Nikamuuliza kama kina kazi nyingine. Akasema, "Binti yangu anasema kinaweza kuwa mashine yoyote, kazi anayokituma ndiyo kinafanya." Alilisema hilo kwa fahari kabisa, kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Mimi niliweka kalamu chini, nikamwambia arudie.

Katika kazi yangu bunduki ni bunduki na sufuria ni sufuria. Kitu kinachoweza kuwa chochote, mimi nakihesabu kwanza kwenye ubaya. Nieleze, kwa maneno ambayo naweza kumsomea mkubwa wangu.

Lt. Aber


Kasese, Ijumaa, 19 Septemba 2025

Afande Aber,

Asante kwa habari za mzee. Nitakueleza nilivyomweleza yeye, ila wewe usiniwekee kalamu chini kabla sijamaliza.

Chipu ya kawaida, ile ya simu au ya redio, hutoka kiwandani na kazi yake na hufa nayo. Chipu yangu ni kama ukumbi wa kanisa letu. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni ibada, Jumatatu manesi wanapima watoto. Kuta ni zile zile; kinachobadilika ni madawati, yanavyopangwa. Mimi nachora mpangilio kwenye kompyuta hapa Kasese, nautuma kwa mtandao wa simu, na chipu inajipanga ndani kufuata mchoro. Ndiyo utafiti wangu huo. Nchi kama yetu haiwezi kununua mashine mpya kila tatizo likizaliwa. Afadhali mashine moja inayojifunza kazi mpya.

Lakini "inaweza" si sawa na "imefanya". Mikono yako inaweza kumnyonga mtu, na hakuna anayekukamata kwa hilo. Kazi ya kisanduku kile imekuwa moja tangu siku kilipopandishwa mtini: maji. Antena ya pili niliiweka kwa majaribio ya baadaye, haijafanya kazi.

Jambo la mwisho, ili msipoteze muda. Chipu hii haina kumbukumbu ya kudumu. Umeme ukikatika, madawati yote yanaondoka na ukumbi unabaki mtupu. Ninyi mmeshakishusha mtini na kukata nyaya, kwa hiyo ndani hamna kitu, na hata mkimleta fundi kutoka Ulaya hatasoma lolote. Itabidi muamini neno langu na la mzee. Mzee wangu hajui kusema uongo, hata wa kuuzia mbuzi.

Nimeambatanisha barua ndogo kwake. Naomba umpe.

Biira Esperance


Kasese, 19 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Vumilia kidogo, nafanya kila ninaloweza. Proscovia na mimi tutachuma kahawa ya upande wa juu Jumapili baada ya ibada.

Wakikuuliza habari za kisanduku, sema kinaangalia maji, basi. Usiongeze neno. Mambo ya kwamba kinaweza hiki na kile waachie wao waniulize mimi.

Dawa ya presha unywe baada ya kula, si kabla.

Mwanao,
Biira


Bwera, Jumanne, 23 Septemba 2025

Bi Biira,

Kila karatasi inayoingia hapa naisoma mimi kwanza. Barua ya mzee nimeisoma, halafu nimempa. Dawa anakunywa baada ya kula. Lakini ulimwandikia asiongeze neno. Mtu mwenye habari moja tu hana haja ya kukumbushwa asiongeze.

Mfano wa ukumbi nimeuelewa vizuri, na mkubwa wangu pia. Nakushukuru. Umenifundisha kwamba kisanduku kikikatwa umeme kinasahau. Nilikuwa sijui.

Sasa na mimi nikufundishe kitu cha jeshi. Sisi tukikuta kisanduku chenye nyaya ambazo hatuzijui, hatukati. Hatukati hata mmoja. Nina rafiki, Drani, tulitoka mafunzo siku moja. Alikata waya mmoja kwenye kitu cha namna hiyo. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kisanduku chako tulikishusha na betri yake na sola yake, vijana wanne wamekibeba kama mtoto mchanga, na sasa kiko dirishani kwangu kinapata jua. Taa inawaka na kuzima wakati naandika hii. Hakijazima hata dakika moja.

Tulitoa kitu kimoja tu, pale pale chini ya mti: laini ya simu. Niliiweka kwenye simu ya ofisi. Mzee tulimchukua Ijumaa saa tisa. Saa kumi uliingia ujumbe kutoka namba yako. Saa kumi na moja tena. Jumamosi asubuhi tena. Ujumbe ni ule ule: PAKIA MAJI.

Mimi si mhandisi. Lakini kama madawati ya maji yalikuwa tayari yamepangwa, kwa nini ulikuwa unakiamuru kiyapange?

Lt. Aber


Kasese, Alhamisi, 25 Septemba 2025

Afande,

Amri ile ni ya kawaida. Ni kama kumwamsha mlinzi, hata kama unajua yuko macho. Nilisikia kisanduku kimeguswa, nikataka kuhakikisha kiko kazini. Huo ndio uhalifu wangu.

Na mimi niulize. Kisanduku kimekaa ofisini kwako siku kumi na tatu. Nani amekishika? Nani ameingia na kompyuta yake? Nitajuaje kwamba kesho hamtasema mmekuta humo kitu ambacho mmekiweka ninyi wenyewe? Watu wanapandishwa vyeo kwa vitu vidogo kuliko kisanduku hiki, na kikulacho ki nguoni mwako. Nimeanza kufikiri kwamba hukumkamata mzee kwa sababu una shaka naye, bali kwa sababu ni rahisi kumkamata yeye.

Namtaka mzee wangu nyumbani. Mengine yote tunaweza kubishana yeye akiwa shambani kwake.

Biira Esperance


Bwera, Jumatano, 1 Oktoba 2025

Bi Biira,

Matusi nimeyasoma. Nilishatukanwa na watu wenye bunduki, hayo ya kalamu hayaniumizi. Cheo changu kiko pale pale.

Jana walikuja wahandisi wawili wa jeshi kutoka Kampala. Nilikaa nao chumba kimoja tangu walipofungua mpaka walipofunga, na nilimleta katekista wa kanisa la kambi akae pia, ili siku moja mtu asiniambie tumekiweka sisi. Walisoma mchoro ulio ndani kikiwa hai. Taarifa yao ni kurasa sita, lakini nakupa kwa maneno yangu.

Hakuna maji humo. Hakuna hata kidogo. Kile kipimo cha mtoni kimeunganishwa kwa waya tu, hakuna kinachokisoma, na king'ora hakina cha kukiamuru. Kisanduku kinasikiliza mawimbi ya redio kupitia antena yako ya pili na kuyapanga kwa aina: ya simu, ya stesheni za muziki, ya Kongo, na ya kambi hii. Maneno hakirekodi, hilo wamelithibitisha. Lakini redio zetu kimezisikiliza na kuzihesabu.

Mchoro una tarehe. Uliingia Jumatatu, 12 Mei.

Mimi nilikuwa na jalada la mzee mezani kwa sababu nyingine, na ndani yake imeandikwa kwamba mkewe Marita alichukuliwa na maji kwenye daraja la mbao Ijumaa, 16 Mei, saa nane mchana, akitoka soko la Mpondwe. Kulikuwa na jua. Niliziangalia hizo tarehe mbili muda mrefu.

Sitakuuliza ulimwambia nini mzee. Yeye ameshanieleza, ingawa sikumuuliza. Ulimwambia king'ora hakikulia siku ile kwa sababu betri ilikufa, jua halikufika vizuri kwenye sola. Sasa anaamini kosa ni lake, kwamba wiki ile hakuipangusa sola vumbi. Anasema tangu msiba amepanda ule mti kila asubuhi na kitambaa, mzee wa miaka sitini na minane, anapangusa. Hivyo ndivyo doria yetu ilivyomwona. Tuliona mtu anapanda kwenye mzinga kila siku bila kutoa asali. Hicho ndicho kilichomkamatisha. Ananiita "binti yangu", na sijamkataza.

Mambo yako hivi. Ukinyamaza, jalada linakwenda Kampala pamoja na yeye, kwa sababu mti ni wake, mzinga ni wake, na kila ninapouliza cha nani yeye anajibu "changu". Ukiandika ukweli wote kwa mkono wako na kutia sahihi, yeye anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo, na wewe ndiye utakayekuja kujibu. Lakini ujue hili kabla hujaandika: utaratibu unasema maelezo hayo lazima yasomwe mbele ya aliyeshikiliwa, na yeye atie sahihi kwamba ameyasikia na ni kweli kwa kadiri anavyojua. Utaratibu si mimi niliyeutunga.

Nakupa mpaka Jumatatu.

Lt. Aber


Kasese, Jumamosi, 4 Oktoba 2025

MAELEZO YA BIIRA ESPERANCE, KWA HIARI YANGU

Nimeandika karatasi hii mara tatu. Mbili nimezichana kwa sababu nilijikuta najitetea. Hii ya tatu naipeleka ilivyo, na Baba, najua utasomewa, kwa hiyo naandika kama ninaongea na wewe. Afande atanisamehe.

Mwezi wa nne nilipeleka karatasi yangu ya utafiti kwa wakaguzi wa jarida. Walirudisha jibu kwamba wazo ni zuri ila nimelithibitisha maabara tu. Walitaka nionyeshe kwamba chipu inaweza kubadilishwa kazi ikiwa kule nje, kwenye mvua na vumbi, bila mtu kuigusa. Nilikuwa na chipu moja tu iliyokuwa nje. Ni ile uliyoitundika wewe.

Chipu yenyewe ni ndogo, Baba. Haiwezi kufanya kazi mbili kwa pamoja. Ili iingie ya pili, ya kwanza lazima itoke. Jumatatu ile, tarehe 12 Mei, nilikaa hapa Kasese na chai yangu, nikaondoa maji, nikaingiza kazi ya kupanga mawimbi ya redio. Nilichagua mawimbi kwa sababu hewani yako tele na ni bure. Kwamba mengine ni ya jeshi nililiona siku ya pili, na nilipaswa kuacha hapo, sikuacha, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yanasikika vizuri kuliko yote. Afande, sikuwa na mtu wa kumpelekea, wala sikuelewa neno lililosemwa. Lakini nilijua ni yenu.

Nilijipa siku tano. Nilijiambia Jumamosi nitarudisha maji. Niliangalia utabiri wa hewa, ukasema pakavu. Sikukupigia simu kukuambia kwamba kwa siku tano king'ora kimelala, mwambie mama na watu wote wavuke kwa macho yao. Nilifikiri ningekuambia, ungeniuliza kwa nini, ningeanza kueleza, na ningechelewa. Ni hilo tu. Sikutaka kueleza.

Ijumaa mama alifika darajani. Kabla ya kisanduku chetu watu walikuwa wakifika pale wanasimama, wanaangalia rangi ya maji, wanasikiliza mawe yanavyogongana juu. Sisi ndio tuliowaachisha. Wewe mwenyewe ulisimama kanisani ukawaambia kikinyamaza vukeni, kwa sababu mimi nilikuambia hivyo na wewe uliniamini. Mama alisimama akasikiliza, akakuta kimya, akavuka.

Uliponiuliza siku ya mazishi kwa nini hakikulia, nilikuwa na jibu tayari, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Nilikuwa nimelitafuta njiani. Jua, vumbi, betri. Sikujua kwamba utalichukua ulibebe. Uliponiambia tangu sasa utakuwa unapangusa, nilisema ni vizuri, Baba. Nilisema hivyo!

Baada ya mazishi sikuweza kukigusa tena. Kila nilipofungua kompyuta niliona tarehe ile, nikaifunga. Kwa hiyo kiliendelea kusikiliza redio miezi minne, na mto haukuwa na mlinzi, na wewe ulikuwa ukiupanda mti kila asubuhi. Karatasi ya utafiti ilikubaliwa mwezi wa saba. Nilipongezwa. Imeandikwa humo kwamba jaribio lilifanikiwa bila tatizo lolote.

Afande, siku mlipokichukua kisanduku na asubuhi yake nilituma amri ya maji mara tatu, ili mkikifungua mkute uongo wangu umekuwa kweli. Barua nilizoandika tarehe 15, 19 na 25 Septemba, kila nilichosema ndani yake kuhusu kazi ya kisanduku ni uongo. Masereka Ezironi hakujua lolote. Alichowaambia ndicho nilichomwambia.

Njia ya mwongo ni fupi, walitufundisha tukiwa wadogo. Yangu ilikuwa na miezi minne, na ingeendelea kama afande angekata waya.

Nasema haya nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Biira Esperance


Bwera, tarehe 7 Oktoba 2025

Mutoto wangu Biira,

Afande anasema barua yote ya kutoka hapa iandikwe Kiswahili, asome. Basi utanisamehe, Kiswahili yangu ni ya soko ya Mpondwe na ya Beni kule tulikuwa tunauzisha kahawa. Mimi iko muzima. Magoti inauma kidogo, ni baridi ya sementi.

Jana balinisomea ile karatasi yako. Afande alisoma yeye mwenyewe, pole pole, anasimama, ananiangalia, anaendelea. Akamaliza akanipa kalamu.

Nimekataa kusaini.

Biira, mimi nakujua. Nimekulea tangu uko na miaka tisa. Ulikuwa mutoto wa kubeba kosa ya wengine. Proscovia akivunja chungu, wewe unasema ni mimi. Mama Marita alikuwa anacheka, anasema huyu atakuja kufungwa kwa kosa ya mutu mwingine. Sasa nimeona unafanya tena. Umesikia baba yako iko ndani, umeona njia ya kunitosha humu ndani ni kusema wewe ndiye, na umeandika vizuri sana, na tarehe, na chai, mupaka afande mwenyewe ameamini. Ao walikuambia andika hivi, tutamwachilia mzee. Najua watu ya ofisi. Mimi si mutoto.

Nilimwambia afande: hii karatasi ni ya uongo. Ile kisanduku iliangalia maji. Mimi ndiye sikupangusa. Ile wiki kahawa ilikuwa nyingi, kila asubuhi nilisema nitapanda kesho, na kesho nikasema kesho. Marita aliniuliza hata Alhamisi, umepangusa? Nikamwambia ndiyo. Biira, nilimudanganya bibi yangu. Hiyo sijaambia mutu, hata padiri. Sasa usije na wewe kunipokonya hiyo kosa, ni yangu, nimeshaizoea.

Afande alikasirika. Aliniambia mzee, ukisaini unalala nyumbani leo. Nikamwambia: binti yangu, siwezi kulala nyumbani kama mutoto yangu analala hapa kwa uongo. Akaacha kalamu kwa meza akatoka inje. Alikaa huko kitambo. Aliporudi macho yake ilikuwa nyekundu, sijui ni vumbi.

Gari ya Kampala itakuja Ijumaa. Njoo mbele ya hiyo siku. Usimame mbele yangu, useme kwa mudomo yako kwamba ile karatasi si maneno yako. Ndivyo nimemwambia afande, kwamba utakuja na utasema. Mimi nakungoja.

Baba yako,
Masereka Ezironi


Getini, Bwera, Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Baba,

Nimekuja. Afande ameniambia nisubiri hapa nje mpaka umesoma hii kwanza, na nimeona ni afadhali, kwa sababu nikikuona usoni nitasema unachotaka kusikia. Ndivyo nilivyofanya mazishini.

Karatasi ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Sola ilikuwa safi, Baba, au ilikuwa chafu, sijui, haikuwa na maana yoyote. Betri wiki ile ilikuwa imejaa. Nilikuwa naiona kutoka Kasese kila siku, na nimemletea afande rekodi zake zote, atakuonyesha tarehe 16: imejaa mpaka juu. Ungepangusa mara mia king'ora kisingelia. Mama alikuuliza, ukamwambia ndiyo, na hata kama ingekuwa kweli angekufa vile vile. Kosa ulilolizoea si lako. Nililiweka mimi mgongoni kwako na nikakuacha nalo.

Proscovia yuko hapa. Nilimwambia asubuhi kabla hatujaondoka. Amekataa nibebe kikapu cha chakula chako, amekibeba mwenyewe.

Tia sahihi, tafadhali. Nimeshatoa kitambulisho na simu, wameandika jina langu kwenye kitabu. Afande anasema nitaingia mimi ukishatoka wewe, na mlango ni huu mmoja, kwa hiyo tutapishana hapa. Sikuombi uongee. Kama hutaki nikutazame, mwambie afande aniambie, nitageukia ukutani mpaka umepita.

Biira